Kutoka Pumziko hadi Zoezi: Historia ya Tiba ya Mbali ya Maumivu ya Kano la Akilesi na Nafasi ya Kiswahili Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya tiba ya maumivu ya kano la Akilesi, yaani kano nene linalounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Inaanzia enzi ambapo mgonjwa alipumzishwa na kuishia enzi ambapo hupewa mazoezi ayafanye mwenyewe nyumbani huku akiongozwa kwa simu. Hoja kuu ni kwamba tiba hii, tangu ilipoanza, imesafiri kwa maneno zaidi kuliko kwa vifaa. Kwa hiyo ubora wa maneno ni sehemu ya ubora wa tiba. Kwa kurejelea mazingira ya Mpumudde mjini Jinja na ukanda wa Mbale, makala inaonyesha mahali ambapo Kiswahili kinakidhi haja hiyo, mahali ambapo kinayumba, na hatua ambazo watunga sera wanaweza kuzichukua.

1.0 Utangulizi

Mpumudde ni kilima na kitongoji kilichoko upande wa kaskazini wa jiji la Jinja. Katika Luganda, jina hilo lina maana ya "nimepumzika", na mzizi wake una undugu na vitenzi vya Kiswahili *pumua* na *pumzika*. Hapo ndipo alipofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro tarehe 6 Aprili 1923, akiwa njiani kurejea kwao baada ya kukamatwa na Waingereza mwaka 1899 na kuhamishiwa Shelisheli. Masimulizi ya wenyeji hulihusisha jina la kilima na pumziko hilo la mwisho la mfalme.

Pumziko ni neno la kwanza pia katika historia ya tiba ya makano. Kwa muda mrefu, mtu aliyeumwa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, aliambiwa apumzike, akandwe, apakwe dawa na asubiri. Katika miongo minne iliyopita ushauri huo umegeuzwa: kano linaloumwa halitakiwi kulazwa, bali kubebeshwa mzigo kwa kipimo. Mageuzi hayo yalizaa tiba ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika pasipo mtaalamu kuwapo. Swali la makala hii ni hili: tiba inayotegemea maelekezo ya kauli hupata nini, na hupoteza nini, inapovuka kutoka lugha ilimotungwa hadi lugha ya mgonjwa wa mashariki mwa Uganda?

Swali hilo halihusu wanamichezo peke yao. Ni kweli kwamba miteremko ya Mlima Elgon, kaskazini mashariki mwa Mbale, imewalea wakimbiaji wa kiwango cha dunia, akiwamo Stephen Kiprotich, aliyetwaa dhahabu ya marathoni mjini London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000 mwaka 2020. Ni kweli pia kwamba utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2005 ulibaini kuwa yapata nusu ya waliokuwa wakimbiaji mashuhuri wa masafa ya kati na marefu walipata maradhi ya kano hili maishani. Hata hivyo, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2011, uliofanywa katika kliniki za kawaida, ulihusisha maumivu hayo na michezo katika asilimia 35 tu ya wagonjwa. Wengine ni watu wanaotembea, wanaosimama na wanaobeba: ndio hao wanaojaza masoko na barabara za Jinja na Mbale.

2.0 Jina la Kano na Jina la Maradhi

Jina la Akilesi lilitokana na shujaa wa Kiyunani ambaye udhaifu wake ulikuwa kisiginoni. Kuingizwa kwa jina hilo katika anatomia kwa kawaida hunasibishwa na Philip Verheyen, mtaalamu wa Flandria ambaye mwenyewe alikuwa amekatwa mguu, katika kitabu chake cha mwaka 1693. Jina limedumu, ila jina la maradhi yenyewe limebadilika, na mabadiliko hayo yana uzito kwa mwanaisimu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, maumivu haya yaliitwa tendinitisi, istilahi ambayo kiambishi tamati chake hudokeza uvimbe wenye joto. Jina hilo lilibeba tiba ndani yake: kama tatizo ni uvimbe, basi dawa za kutuliza uvimbe na pumziko zinatosha. Mwaka 1998, Nicola Maffulli, Karim Khan na Giancarlo Puddu waliandika wakiitaka taaluma iachane na istilahi hiyo iliyokuwa ikipotosha. Walipendekeza istilahi tendinopathia, isiyodai kujua chanzo. Makubaliano ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliidhinisha istilahi hiyo kwa maumivu sugu ya kano yanayoambatana na kupungua kwa uwezo wake na yanayohusiana na kubeba mzigo.

Funzo kwa watunga istilahi za Kiswahili liko wazi. Tafsiri ya "uvimbe wa kano" inaonekana nyepesi na ya kienyeji, lakini inarithi nadharia iliyokwisha kuachwa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ana uvimbe atatafuta kidonge na kitanda. Mgonjwa anayeambiwa kwamba "kano limechoka na linahitaji kujengwa upya" ataelewa kwa nini anaelekezwa kusimama kwenye ngazi.

3.0 Kutoka Kisu hadi Kidato cha Ngazi

Mwaka 1984, Sandra Curwin na William Stanish wa Kanada walichapisha kitabu kilichopendekeza kwamba makano yaliyoumia yatibiwe kwa mazoezi yanayouvuta msuli wakati unafanya kazi. Wazo lao lilienea polepole. Mwaka 1998, Håkan Alfredson na wenzake wa Umeå, Uswidi, walitoa matokeo yaliyobadilisha mwelekeo wa tiba. Husimuliwa kwamba Alfredson mwenyewe alikuwa akiumwa kano, akanyimwa upasuaji kwa kuwa hali yake haikuwa mbaya vya kutosha, akaamua kulitesa kano kwa mazoezi mazito ili liharibike zaidi. Badala yake likapona.

Utaratibu wao ni rahisi kueleza. Mgonjwa husimama ukingoni mwa kidato cha ngazi, hujiinua kwa mguu mzima, kisha huushusha polepole mguu unaouma mpaka kisigino kiteremke chini ya kidato. Hufanya hivyo goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo. Kila namna huwa na seti 3 za marudio 15, mara 2 kwa siku, siku 7 za juma, kwa majuma 12. Watu 15 waliofuata utaratibu huo walirudi kukimbia kama awali, ilhali kundi la kulinganishia la watu 15 halikunufaika na tiba za kawaida na hatimaye lilifanyiwa upasuaji. Tafiti za baadaye hazikurudia mafanikio hayo kwa ukamilifu, lakini mwelekeo haukurudi nyuma.

Hesabu ya utaratibu huo inastahili kuzingatiwa. Marudio 180 kwa siku kwa siku 84 ni marudio 15,120. Hata mgonjwa anayemwona mtaalamu kila juma atakuwa amefanya marudio machache mno mbele ya macho yake. Yaliyobaki atayafanya peke yake, akiwa na kumbukumbu ya alichoelezwa. Kwa maana hiyo, tiba hii ilikuwa ya mbali hata kabla ya simu za mkononi.

Hatua tatu zilifuata. Kwanza, mwaka 2003 Martin Fahlström na wenzake walionyesha kwamba zoezi lilelile lililowafaa wagonjwa 89 kati ya kila 100 wenye maumivu ya katikati ya kano, liliwafaa 32 tu kati ya 100 wenye maumivu pale kano linapojishika kwenye mfupa. Tangu hapo, kundi la pili huelekezwa kuishia usawa wa sakafu bila kuteremka chini ya kidato. Pili, mwaka 2007 Karin Grävare Silbernagel na wenzake wa Gothenburg walionyesha kuwa mgonjwa anaweza kuendelea kukimbia na kuruka wakati wa tiba iwapo maumivu hayazidi 5 katika kipimo cha 0 hadi 10, na iwapo yanatulia kufikia asubuhi ya pili. Tatu, mwaka 2015 Rikke Beyer na wenzake wa Denmark walilinganisha mazoezi ya Alfredson na mazoezi mazito ya polepole yanayofanywa mara 3 kwa juma. Matokeo yalikaribiana, lakini njia ya kwanza ilidai dakika 308 kwa juma na ya pili 107.

Kwa mkazi wa Mpumudde, matokeo hayo yana maana ya kiuchumi. Mama anayefungua kibanda alfajiri hapati dakika 308, ila huenda akapata 107. Mashine za ukumbi wa mazoezi zilizotumika Denmark si lazima ziwe kikwazo: begi la mgongoni lililojazwa mchanga huongeza mzigo, na ukingo wa baraza ya nyumba hufanya kazi ya kidato. Kinachohitajika ni mtu wa kueleza kwa usahihi mzigo uwe kiasi gani, uongezwe lini, na usiongezwe lini.

4.0 Umbali na Tiba katika Afrika Mashariki

Tiba ya mbali si ngeni katika eneo hili. Huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1957 na kuzaa shirika la AMREF, ilitegemea pia mawasiliano ya redio na vituo vya vijijini. Muundo ulikuwa wa mtaalamu kuzungumza na mhudumu wa afya. Mgonjwa mwenyewe hakuwa mshiriki wa mazungumzo.

Mfano wa karibu zaidi na kano la Akilesi unapatikana Uganda kwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Norgrove Penny, daktari wa mifupa kutoka Kanada, aliingiza nchini njia ya Ignacio Ponseti ya kutibu watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Baadaye mradi wa kitaifa uliosukumwa na Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kanada, uliwafunza wahudumu wasio madaktari kutibu kwa njia hiyo. Mguu hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila juma. Kisha, kwa watoto wengi, kano la Akilesi hukatwa kwa kijitundu kidogo ili lijiunge upya likiwa refu zaidi. Baada ya hapo mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa ubao au chuma, karibu saa zote kwa miezi 3, kisha usiku hadi afikie umri wa miaka 4 hivi. Kazi ya hospitali ni ya majuma. Kazi ya mzazi ni ya miaka. Viatu visipovaliwa, mguu hurudi kupinda. Kwa hiyo Uganda ilikwisha kujifunza, kupitia kano hilihili, kwamba tiba hukamilika au huvunjika nyumbani, kulingana na jinsi mzazi alivyoelewa maelekezo.

Mwaka 2020 ulilifanya somo hilo kuwa la wote. Kisa cha kwanza cha UVIKO-19 nchini Uganda kilithibitishwa tarehe 21 Machi. Siku chache baadaye usafiri wa umma ulisimamishwa, bodaboda zikazuiwa kubeba abiria, na mnamo tarehe 30 Machi magari binafsi nayo yakazuiwa. Aliyetaka kufika hospitali kwa gari alihitaji kibali cha Mkuu wa Wilaya anayemwakilisha Rais. Mtu mwenye maumivu ya kano, maradhi yasiyoua, hakuwa na hoja ya kupigania kibali hicho. Simu ikawa mlango pekee.

Mlango huo ulikuwa na ada yake. Kuanzia Julai 2018 watumiaji wa mitandao ya kijamii walilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku. Mwezi Julai 2021 nafasi yake ilichukuliwa na kodi ya asilimia 12 ya data ya intaneti. Sheria ilisamehe data ya kutolea huduma za afya na elimu. Hata hivyo, mgonjwa anayetazama video ya zoezi kwa kifurushi cha kawaida hutozwa sawa na anayetazama filamu, kwa kuwa kifurushi hakiulizi kinatumikia nini. Msamaha unaomlinda mtoa huduma bila kumfikia mpokeaji ni nusu ya msamaha.

Ushahidi wa kitabibu, kwa upande wake, umezidi kuimarika. Mwaka 2024 watafiti wa Melbourne walichapisha jaribio la watu 394 wenye maumivu sugu ya goti: waliomwona mtaalamu wa tiba ya viungo kwa video walipata nafuu isiyopungua ya waliomwona ana kwa ana. Goti si kano, lakini msingi ni mmoja: maelekezo, kipimo, ufuatiliaji.

5.0 Kiswahili kama Chombo cha Maelekezo

Historia ya Kiswahili nchini Uganda imeyumba. Pendekezo la Gavana William Gowers la mwaka 1927 la kukipanua lilipingwa na Kabaka Daudi Chwa pamoja na wamisionari wengi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wake pamoja na kufundishwa kwa lazima shuleni. Jinja, hata hivyo, haikusubiri matamko hayo. Kambi ya jeshi, reli, bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vilivyofuata viliwakutanisha watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kazi. Katika maelekezo ya mazoezi, matatizo manne ya kiisimu yanajitokeza.

Tatizo la kwanza ni neno *mshipa*. Katika matumizi ya kila siku hutaja mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, makano, na hata ngiri. Mgonjwa anayesema kwa simu kwamba "mshipa wa mguu unauma" huenda ana kano lililochoka, au ana damu iliyoganda ndani ya mshipa wa shavu la mguu, hali inayoweza kuua. Neno *kano* lipo katika kamusi na linafaa, lakini halina budi kufundishwa.

Tatizo la pili ni la mahali. "Kisigino kinauma" huweza kumaanisha chini ya kisigino, nyuma yake pale kano linapojishika, au sentimita 2 hadi 6 juu yake. Utafiti wa Fahlström unaonyesha kwamba tofauti hiyo ndogo huamua kama mgonjwa ateremshe kisigino chini ya kidato au la. Kiswahili kina utajiri wa kutosha wa kuitenga: *chini ya*, *nyuma ya*, *juu ya*. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza swali hilo kwa vidole: "Weka kidole panapouma zaidi, je, kimegusa mfupa?"

Tatizo la tatu ni la kupima maumivu. Kwa wazungumzaji wengi wa Kenya na Uganda, *uchungu* ni maumivu yoyote. Kwa wazungumzaji wengi wa Tanzania, neno hilo huelekea zaidi kwenye huzuni au kujifungua, na *maumivu* ndilo neno la kawaida. Kanuni ya Silbernagel, inayoruhusu maumivu hadi 5, huharibika mgonjwa asipojua anapima nini. Akidhani kila maumivu ni onyo, ataacha; akidhani ushujaa ndiyo tiba, atajiumiza. Kauli kama "yaume, lakini yasikuzuie kuzungumza wala kukuchechemesha, na kesho asubuhi yawe yametulia" hufafanua zaidi kuliko tarakimu pekee.

Tatizo la nne ni la sauti ya amri. Kwa kuwa Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, amri fupi kama "Nyanyua! Shusha!" hubeba mwangwi wa gwaride. Hali ya dhamira tegemezi hutatua: "Mama, unyanyue visigino vyote viwili, kisha ushushe kimoja polepole, ukihesabu hadi tatu." Tofauti si ya adabu tu. Zoezi hili linahitaji utaratibu wa taratibu, na sauti ya gwaride huharakisha.

Vipimo vyenyewe navyo vinahitaji zaidi ya tafsiri ya neno kwa neno. Hojaji ya VISA-A, iliyochapishwa nchini Australia mwaka 2001, hutoa alama 0 hadi 100, na 40 kati ya hizo hutokana na maswali ya ushiriki katika michezo. Mchuuzi wa soko la Mbale asiyecheza mchezo wowote ataonekana mgonjwa sana hata akipona. Ulinganifu wa kiutamaduni unadai "mchezo" ubadilishwe kuwa kazi: kusimama, kubeba, kupanda na kushuka.

6.0 Mipaka ya Tiba ya Mbali

Yapo mambo ambayo simu haiyamalizi. Kano linapokatika ghafla, mgonjwa huhisi kana kwamba amepigwa teke kwa nyuma, na hawezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Uchunguzi wa kuminya shavu la mguu, ulioelezwa na Simmonds mwaka 1957 na Thompson mwaka 1962, unahitaji mikono ya mtu aliyefunzwa. Mgonjwa wa aina hii akipewa mazoezi kwa simu hupoteza majuma ambayo yangetumika kumtibu ipasavyo.

Jambo jingine ni dawa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la juu kabisa kwa viuavijasumu vya kundi la siprofloksasini, kwa kuwa huongeza hatari ya makano kuumwa na kukatika. Siprofloksasini ni dawa inayofahamika sana katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki. Swali "umemeza dawa gani mwezi huu?" halina budi kuwamo katika kila mazungumzo ya kwanza. Vilevile, picha ya mguu inayotumwa kwa simu ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha. Ridhaa ya mgonjwa iombwe katika lugha anayoielewa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba tiba ya maumivu ya kano la Akilesi ilihama kutoka kisu hadi kidato, na kutoka chumba cha mtaalamu hadi baraza ya mgonjwa. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengemao ndani ya mifumo ya afya. Azimio hilo litatimia Jinja na Mbale iwapo tu maelekezo yatafika yakiwa na maana ileile yaliyotoka nayo.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na wataalamu wa tiba ya viungo kusanifisha orodha fupi ya istilahi za mwendo, mahali na maumivu, ikianza na *kano* dhidi ya *mshipa*. Pili, hojaji ya VISA-A ilinganishwe na mazingira ya wafanyakazi wasio wanamichezo, na ijaribiwe kwa wazungumzaji wa nchi zaidi ya moja. Tatu, maelekezo yarekodiwe kwa sauti pamoja na video, ili mwenye simu ya kawaida asiachwe nje, na yatolewe kwa Kiswahili sambamba na Luganda, Lusoga na Lumasaba, si badala yake. Nne, msamaha wa kodi ya data ufafanuliwe ili umfikie mgonjwa anayefuata tiba nyumbani.

Mapendekezo haya hayadai mashine mpya wala jengo jipya. Yanadai watu wawili ambao hadi sasa hukutana kwa nadra: anayejua kano na anayejua maneno. Marudio 15,120 yatafanywa na mgonjwa peke yake. Wajibu wa wawili hao ni kuhakikisha kwamba rudio la kwanza limeeleweka.